Sufuria Bila Mkono: Hii Story Tumeishika na Katoni

Wasee, hebu angalieni sufuria mnayobeba mkienda kupiga kambi Ngong Hills, au pale Rowallan, kambi ya maskauti karibu na Jamhuri Showground. Haina mkono. Ina ukingo tu, na ukingo huo unashikwa na kipande cha katoni kilichokunjwa mara mbili. Kuna watu husema ni ushamba. Mimi nasema ni historia.

Kabla ya sufuria kulikuwa na chungu. Udongo uliochomwa hupitisha joto polepole sana, kwa hivyo mpishi alikuwa na nafasi ya kujipanga na majani au kitambaa. Halafu vyombo vya madini vikaja kupitia Pwani. Jina lenyewe, sufuria, lina mzizi wa Kiarabu unaohusu shaba. Baadaye alumini ikachukua jikoni zetu: nyepesi, bei ya chini, zinaingiliana vizuri kwa gunia. Shida ni kwamba alumini hupitisha joto takriban mara 200 kuliko udongo. Moto ukiwa chini, ukingo unajua papo hapo.

Ulaya na Marekani walikuwa na mikono ya mbao, kisha Leo Baekeland akavumbua Bakelite mwaka 1907, plastiki isiyoyeyuka ikipashwa joto. Safi kwa jiko la gesi, ambapo moto unakaa chini ya sufuria. Lakini weka mkono huo juu ya mafiga, ndimi za moto zikipanda kila upande, uone: utaungua na kunuka. Kwa hivyo sufuria yetu bila mkono haikuwa uzembe. Ilitengenezewa moto wa kuni na makaa.

Kama unadhani mafundi wetu hawajui joto, shuka Kamukunji. Jiko la kauri lililosambaa miaka ya 1980 lina udongo ndani ya bati, na udongo huo ndio unalizuia joto lisikimbie nje. Rais Moi alipowatembelea mafundi hao 1985, walikuwa wakigonga chuma juani, ndiyo maana ya jua kali. Hata pani yao ya chapati ina mkono mrefu wa chuma, na urefu ni kinga: joto hupotea njiani kabla ya kufika mkononi.

Sasa kinachonikera. Naona vijana Kawangware na Kangemi wakifunga mikono ya sufuria za kambi na tyubu ya baiskeli, ama selotepu. Buda, mpira unashika moto, unayeyuka na kugandia kwa ngozi. Kitambaa kibichi nacho ni mtego, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, halafu yanageuka mvuke ndani ya kiganja chako. Maji huchemka Nairobi karibu na nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, lakini usijidanganye, hata nyuzi 60 zinakuunguza vibaya kwa sekunde tano hivi.

Kitambaa kikavu cha pamba, kinene, kimekunjwa. Mkono wa waya mrefu unaopinda juu, mbali na moto. Kipande cha mbao kilichotobolewa na kupitishwa waya, fundi yeyote Gikomba atakufanyia. Na ile katoni? Iko sawa, mradi iwe kavu na isiachwe ukingoni sufuria ikiwa bado motoni.