Baridi Yabisi: Kiyunani Kilichofika Mkomaindo

Mgonjwa aendaye hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi, huku akijishika magoti, aghalabu atasema ana baridi yabisi. Huenda Kiswahili si lugha ya nyumbani kwake, kwani huko watu husema Kimakua, Kiyao na Kimakonde. Lakini maneno hayo mawili anayo. Mwanafunzi wa utabibu amsikilizaye huandika jina jingine kwa Kiingereza, akageuza ukurasa. Kwa tendo hilo dogo la kalamu, historia ya zaidi ya miaka elfu mbili hupita mbele yake asiitambue.

Maana baridi yabisi ni kauli ya tiba ya kale. Wafuasi wa Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Masihi, walifundisha kwamba mwili umejengwa kwa vimiminika vinne, na kwamba afya ni mizani yao. Galen wa Pergamon, katika karne ya 2, aliipanga elimu hiyo: damu ni moto na majimaji, balghamu ni baridi na majimaji, nyongo ya manjano ni moto na yabisi, nyongo nyeusi ni baridi na yabisi. Ndugu msomaji, tazama ulimi wako mwenyewe. Balghamu, yaani kohozi, ni neno la Kiyunani lililovishwa kanzu ya Kiarabu. Safura, tunayoijua kama maradhi ya kuishiwa na damu, ni jina la Kiarabu la ile nyongo ya manjano. Na baridi yabisi ndiyo tabia ya nyongo nyeusi, iliyobakia katika magoti ya wazee wetu baada ya nadharia yenyewe kuzikwa.

Njia iliyopitwa na maneno hayo inajulikana. Huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq (809–873) alifasiri vitabu vya Galen kwa Kisiria na Kiarabu. Ibn Sina (980–1037) akaikusanya elimu hiyo katika Kanuni ya Tiba, kitabu ambacho Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na kikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17. Neno kanuni lenyewe ni la Kiyunani. Kwetu pwani elimu hiyo ilikuja na lugha ya Kiarabu, kwa jahazi, kwa vitabu na kwa vinywa vya watu. Hati za Kiarabu zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, ni ushahidi kwamba visiwa hivi vilikuwa nyumba ya kusoma na kuandika.

Lakini Masasi ilifikiwa na Kiyunani kwa njia ya pili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watumwa waliokombolewa, akawapeleka bara na kuanzisha kijiji chao Masasi. Misheni yake, UMCA, ilikuwa imezaliwa katika vyuo vikuu vya Uingereza, baada ya hotuba ya Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Waliomfuata, kama vile William Percival Johnson na Chauncy Maples, walisoma Oxford, chuo ambacho hadi 1920 hakikumpa shahada asiyejua Kiyunani. Basi chini ya majabali ya Masasi walikaa watu waliobeba Kiyunani na Kilatini vichwani. Maples alifanya jambo la kupendeza: alikaa akajifunza, na mwaka 1879 kikachapishwa kitabu chake cha lugha ya Kimakua. Mwalimu aligeuka mwanafunzi.

Kuhusu tiba, unyenyekevu huo haukupatikana kwa wepesi. Mwaka 1905 watu wa kusini walikunywa dawa ya maji wakaingia vitani, na misheni ya Masasi ikateketezwa. Baada ya vita, mganga wa kienyeji alitazamwa kwa jicho la shaka zaidi. Tiba ya hospitali nayo ilishinda mengi kwa haki yake: sindano ya buba ilipendwa na watu kwa kuwa iliponya mbele ya macho yao, na Leader Stirling, aliyefika Lulindi mwaka 1935, alipasua wagonjwa katika majengo ya hali duni. Yeye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hakuna mwenye akili atakayetaka turudi nyuma ya hapo.

Kuna watakaouliza: ikiwa nadharia ya vimiminika vinne ni kosa, ya nini kuifundisha? Safura huletwa na minyoo, wala nyongo haimo. Ni kweli. Lakini mgonjwa haji na minyoo mdomoni. Huja na neno. Aaminiye kwamba maradhi yake ni baridi atatafuta joto, na huenda akakiacha kidonge alichopewa kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa mizani anayoijua. Tabibu asiyejua neno lilikotoka humwona mgonjwa kuwa mjinga, na mgonjwa humwona tabibu kuwa kiziwi. Hasara ni ya wote wawili, na mara nyingine ni ya uhai.

Kwa hiyo vyuo vikuu vyetu vingefanya vyema kuwapa wanafunzi wa tiba walau muhula mmoja wa lugha za kale. Wasianze na minyambuliko ya vitenzi vya Kilatini. Waanze na balghamu, safura, tiba na tabibu, ambayo wanayo tayari. Kutoka hapo wavuke kwenda kwenye Kiarabu, kisha Kiyunani. Kando yake waandike majina ya maradhi kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, kabla wazee hawajaondoka nayo. Samuel Mushi alipomleta Sophocles katika Kiswahili kwa Mfalme Edipode, mwaka 1971, alionyesha kwamba Wayunani si wageni wasioweza kukaribishwa barazani petu.

Neno la mwisho ni daktari. Asili yake ni Kilatini, nalo hutokana na kitenzi chenye maana ya kufundisha. Daktari wa Mkomaindo, kwa jina lake tu, ni mwalimu. Na mwalimu mwema huanza kwa kusikiliza.