Kibali Kisicho na Kazi: Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Vibarua vya Chuoni Nchini Marekani

Kazi-masomo nchini Marekani ni ajira ya muda ambayo mwanafunzi huifanya chuoni, au katika shirika la huduma lililo karibu, huku sehemu kubwa ya ujira wake ikilipwa na serikali kuu. Mpango wenyewe, Federal Work-Study, ulianzishwa na Sheria ya Fursa za Kiuchumi ya 1964, wakati wa kampeni ya Rais Lyndon Johnson dhidi ya umaskini, na mwaka uliofuata ukaingizwa katika Sheria ya Elimu ya Juu. Wazo lake ni la zamani zaidi. Kati ya 1935 na 1943, National Youth Administration iliwalipa wanafunzi kwa vibarua vya vyuoni, na Johnson ndiye aliyeiongoza katika jimbo la Texas hadi 1937. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma chuo huko San Marcos, Texas, kwa kuokota takataka na kufagia sakafu, kabla ya kuhamishiwa kazi za ofisini kwa mkuu wa chuo.

Kwa kawaida serikali hulipa hadi asilimia 75 ya ujira na chuo kinajazia. Anayewafundisha watoto kusoma anaweza kulipwa na serikali kwa asilimia 100, na chuo hulazimika kutumia angalau asilimia 7 ya fungu lake kwa kazi za huduma kwa jamii. Ujira hauruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha taifa, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25 kwa saa. Hayo hayana ubishi.

Ubishi upo juu ya sababu za wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza kupewa kazi-masomo kwenye karatasi na kumaliza muhula bila kazi. Maelezo yaliyozoeleka katika ofisi za ushauri ni kwamba hawatafuti ipasavyo: hawawahi, hawaandiki wasifu wa maana, hawapiti idara kwa idara. Ushauri huo si mbaya, na anayeufuata humtangulia asiyeufuata. Lakini mstari ukiwa na nafasi kumi na watu ishirini, kuwahi hubadilisha tu majina ya watakaokosa. Hoja ya makala hii ni kwamba tatizo limo katika muundo: mpango umeandikwa kama msaada lakini unaendeshwa kama soko la ajira, na katika soko hilo mwanafunzi mpya huingia wa mwisho.

Safari huanzia kwenye FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa serikali kuu, ambayo kwa desturi hufunguliwa Oktoba 1 ya mwaka unaotangulia masomo. Kwa mwaka wa masomo wa 2024–25 ilichelewa hadi mwisho wa Desemba 2023. Kuchelewa si jambo dogo hapa. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu huwapa wenye kipato cha chini, humfikia kila anayetimiza masharti, lakini fedha za kazi-masomo ni fungu ambalo kila chuo hupewa kwa mwaka, na likiisha limeisha. Mwenye mzazi aliyewahi kusoma chuo hujua hivyo. Mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuoni mara nyingi hujifunza baada ya fungu kugawanywa.

Kisha hufika barua ya msaada. Humo kazi-masomo huorodheshwa pamoja na ruzuku na mikopo, mara nyingi katika safu ileile, na jumla yake hutolewa kwenye gharama za mwaka. Tuseme barua inataja dola 2,500. Msomaji asiyezoea huona karo imepungua kwa dola 2,500. Ukweli ni kwamba hajapewa hata senti. Amepewa kibali cha kuzichuma hadi kikomo hicho, iwapo atapata wa kumwajiri. Ankara ya chuo huja Agosti, ilhali malipo ya kwanza ya zamu hayawezi kuja kabla ya wiki kadhaa za muhula kupita. Kwa ujira wa dola 12.50 kwa saa, dola 2,500 ni saa 200. Zikigawanywa kwa wiki 30 za mihula miwili, ni chini kidogo ya saa saba kwa wiki, yaani kama dola 83 kabla ya kodi. Hizo ni fedha za sabuni, nauli na vitabu, ambazo ankara ya Agosti haizingojei.

Wakati huohuo nafasi nyingi zimekwisha kujazwa. Msimamizi wa dawati la maktaba au wa ukumbi wa mazoezi hupanga ratiba ya Septemba tangu Aprili, kwa kuwauliza wanafunzi alionao kama watarudi. Hana nia mbaya: anayejua mfumo wa kuazimisha vitabu hahitaji kufundishwa upya. Zinazobaki ni zamu za alfajiri bwaloni, za usiku kwenye mapokezi ya mabweni, na zile zinazogongana na vipindi vya lazima vya mwaka wa kwanza. Hata aliyekubaliwa hukumbana na fomu ya I-9, inayotaka nyaraka halisi za utambulisho na za haki ya kufanya kazi zionyeshwe ndani ya siku tatu za kazi tangu aanze. Nakala iliyopigwa picha kwenye simu haikubaliki. Kadi ya Social Security iliyoachwa kabatini kwa mama, majimbo mawili mbali, inatosha kumpotezea mtu wiki nzima.

Je, hasara ya kukosa kibarua chuoni ina uzito? Watafiti wa elimu ya juu, tangu kazi za Alexander Astin za miaka ya 1970, wanakubaliana kwa upana kwamba kibarua cha saa chache ndani ya chuo huendana na kubaki masomoni. Wasiwasi wa wachumi ni kwamba serikali hulipia kazi ambazo wanafunzi wangezifanya hata bila ruzuku. Makala ya Judith Scott-Clayton na Veronica Minaya ya 2016 ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini, kwa sababu inauchukua wasiwasi huo na kuupindua. Waligawa wanafunzi wa mpango katika makundi mawili: ambao wangefanya kazi kwingine, na ambao wasingefanya kazi kabisa. Takriban nusu walikuwa wa kundi la kwanza. Kwao ruzuku ilipunguza saa za kazi na kuboresha matokeo ya masomo, ingawa haikubadilisha sana ajira ya baadaye. Kwa kundi la pili mwelekeo uligeuka: faida ilionekana zaidi katika ajira ya baadaye kuliko darasani. Faida zilikuwa kubwa zaidi kwa wenye kipato cha chini na alama ndogo za mtihani wa SAT.

Kwa maneno mengine, "kupoteza fedha" kwa anayefanya kazi hata hivyo ni kumtoa kwenye zamu za saa 25 kwa wiki dukani na kumweka kwenye saa kumi za maktaba. Anayeona hiyo ni hasara anahesabu ajira tu na kusahau shahada.

Hata hivyo, utafiti huohuo una doa linalogusa mada hii: alama za mwaka wa kwanza ndizo zilizoonyesha dalili ya athari hasi. Utafiti wa awali wa Scott-Clayton katika West Virginia, wa 2011, nao ulikuwa na dalili mbaya kwa wanafunzi wa kike. Wapo watakaosema basi mwanafunzi mpya aachwe atulie kwanza. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kutopata kibarua chuoni kungemaanisha kupumzika. Kwa maskini humaanisha kibarua kingine, mbali zaidi na chenye bosi asiyejali mitihani.

Mgawanyo wa fedha baina ya vyuo huongeza tatizo. Kanuni yake huanza kwa kukihakikishia chuo kiasi kinachotokana na kilichopata zamani, ndipo mahitaji ya wanafunzi wa sasa yaangaliwe. Hivyo vyuo binafsi vya zamani na vya gharama kubwa hupata mafungu manono kuliko vyuo vya jamii, ambako maskini ndiko walikojaa. Mwanafunzi wa familia yenye nafuu katika chuo cha kwanza anaweza kuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata kazi-masomo kuliko fukara katika chuo cha pili. Hapo wasifu hauna msaada wowote.

Kwamba utaratibu mwingine unawezekana kunaonyeshwa na Chuo cha Berea, Kentucky, kilichoanzishwa 1855. Hakitozi karo tangu 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa kumi kwa wiki. Mwanafunzi mpya hapigi hodi idara kwa idara. Chuo humpangia kazi, kama kinavyompangia bweni. Itasemwa kwamba Berea ni chuo kidogo chenye hazina kubwa ya wakfu. Ni kweli kuhusu karo. Kupanga kazi kabla ya wanafunzi kufika, hata hivyo, ni suala la ratiba, na chuo chochote chenye fungu la kazi-masomo kinaweza kutenga sehemu ya nafasi kwa wapya na kuzifunga kwa wengine hadi wiki ya tatu ya muhula.

Wageni wana hesabu yao. Mkimbizi kutoka Kongo aliyepokewa rasmi, au Mkenya mwenye makazi ya kudumu, anastahili kazi-masomo sawa na raia. Mkenya au Mtanzania mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hastahili. Anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo zinazolipwa kwa bajeti ya idara, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na anaweza kuanza hadi siku 30 kabla ya vipindi. Nje ya chuo, mwaka wa kwanza amefungiwa. Namba ya Social Security ataiomba akishapata barua ya mwajiri, si kabla. Kwa idara, gharama ya kumwajiri ni mara nne ya ile ya mwenye ruzuku ya asilimia 75. Kwa hiyo tangazo lisemalo "wenye kazi-masomo watapewa kipaumbele" linamhusu yeye kwanza, na ni vyema alisome kabla ya kujaza fomu.