Habari za Kishikwambi na Mfumo Wake

Tarehe 27 Januari 2010, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipokionyesha hadharani kishikwambi cha iPad, alikiweka baina ya simu na kompyuta ya mkononi. Nacho kikarithishwa mfumo wa simu, ulioficha mafaili na kuiachia programu moja tu kioo kizima. Kwa kifaa dhaifu cha zama zile, uamuzi huo ulikuwa wa busara.

Mashaka yalizuka baadaye, maana nguvu za kifaa zilikwenda mbio, na ruhusa za mfumo zikaja kidogo kidogo: iPad Pro ilitoka 2015, programu ya mafaili 2017, jina la iPadOS 2019, na kipanya kikakubaliwa rasmi Machi 2020. Mwaka 2021 iPad Pro ikatiwa prosesa ya M1, ileile iliyoendesha kompyuta za Mac, na Mei 2024 ikapata M4 kabla ya Mac yoyote. Walakini mtunga programu hakuweza kuitumia humo Xcode, zana ya Apple ya kutungia programu, wala mwenye mali kusakinisha macOS, mfumo wa Mac, ijapokuwa prosesa yenyewe ingeridhia.

Kwa rai yangu, kizuizi hicho hakikutokana na udhaifu wa chombo, bali na hiari ya kampuni ya Apple, iliyokuwa ikiviuza vyote viwili, iPad na Mac. Na kumnyima mnunuzi manufaa kamili ya kitu alichokilipia thamani kamili si insafu hata kidogo.

Septemba 2025, iPadOS 26 ilileta madirisha yanayopanuliwa na kupunguzwa kwa uhuru, pamoja na safu ya menyu juu ya kioo, lakini Xcode haikuwamo.