Filamu Bubu na Mbunge wa Rufiji

Mwaka 1913 Asta Nielsen, mwigizaji wa Denmark aliyependwa sana Ujerumani, aliigiza katika Die Suffragette. Ni filamu bubu: midomo inacheza, maneno unayasoma. Binti anajiunga na mama yake kudai kura ya wanawake. Anafungwa, anagoma kula, analishwa kwa nguvu. Kisha anatumwa kumtegea bomu bwana mkubwa anayepinga kura hiyo, kumbe ndiye anayempenda. Mwishoni ameolewa naye, ana watoto, na siasa imekwisha.

Katika Afgrunden ya 1910, Nielsen ni mwalimu wa piano anayemwacha mchumba wake na kumfuata mtu wa sarakasi. Mwishoni anamuua mpenzi huyo, anakamatwa. Nilipozitazama zote mbili niliona mwanamke mkaidi amewekewa milango miwili tu: harusi au gereza.

Siku hizo nasi tulitawaliwa na Wajerumani. Huku Rufiji tunazikumbuka zama zao kwa manowari Königsberg, iliyojificha katika mikoko ya delta ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wageni wanaofika Kibiti huwa wananiuliza habari za meli hiyo. Habari za mbunge wetu hawaniulizi.

Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1950 aliingia TANU, akapita kwenye vikundi vya ngoma akiwaita wanawake wachukue kadi. Sauti iliyozoeleka kwenye ngoma ikahamia jukwaani. Baada ya uhuru alikuwa naibu waziri, na mbunge wa Rufiji.

Mwaka 1965 wapiga kura wa Rufiji walimwangusha. Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972.

Basi na yeye alifika gerezani, utasema, kama kwenye filamu. Lakini mimi narudi kwenye 1965. Binti wa Nielsen hakuwahi kuliona sanduku la kura. Mapenzi yalimtoa kwenye siasa kabla. Bibi Titi aliangushwa na kura, zikiwemo za wanawake, kama anavyoangushwa mwanasiasa yeyote. Kushindwa kwa namna hiyo ndiko walikokuwa wakikupigania wanawake wa 1913, na katika filamu hizi mbili mwanamke hakupewa mwisho huo.