Walezi wa Imani ya Vijana Wetu



Ndugu wapendwa wa Pangi, kila mwaka watoto wetu waliomaliza shule ya msingi hufunga mizigo yao midogo na kuaga nyumbani. Mmoja huenda Kalima, mwingine Kindu kwa mjomba wake. Wana miaka 12 au 13. Wamekwisha pokea Ubatizo na Komunyo ya kwanza, nasi wazazi twasema mioyoni: «Kazi yetu imekwisha, shule itawalea.» Leo tutazame historia ya Kanisa, tuone kama neno hilo ni la kweli.

Tuanze na jirani zetu wa Uganda. Mapadri Weupe walifika huko mwaka 1879, wakati wa Kabaka Mutesa. Mwaka 1882 iliwapasa kuondoka, nao hawakurudi mpaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri wala Misa. Lakini waliporudi waliona kwamba moto haukuzimika. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mwenye cheo katika jumba la mfalme, alikuwa akiwafundisha vijana waliotumikia humo.

Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga alibatizwa, akashika kazi ya kuwaongoza vijana wale. Miongoni mwao alikuwamo Kizito, mkatekumeni wa miaka 14 hivi. Hatari ilipokaribia, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, Lwanga mwenyewe alimbatiza. Tarehe 3 Juni waliteketezwa kwa moto huko Namugongo. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu, pamoja na wenzao, jumla yao 22. Tuangalie vema: Lwanga hakuwa padri, na Ubatizo wake haukuwa umetimiza hata mwaka mmoja. Aliwafundisha vijana yale aliyoyajua, akakaa nao mpaka mwisho.

Nchini kwetu pia siku za namna hiyo zilifika. Katika miaka ya 1950 Padri Georges Defour alianzisha chama cha Xaveri mjini Bukavu, na vijana wengi walilelewa humo. Lakini mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza vyama vya vijana vya dini. Kikabaki chama kimoja tu cha vijana, kile cha MPR. Mwishoni mwa mwaka 1974 shule za misioni zilichukuliwa na serikali, na somo la dini likaondolewa darasani. Mtoto aliyeingia sekondari mwaka 1975 hakufundishwa tena shuleni habari za Mungu. Ilikuwa hivyo mpaka mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, ambayo yalirudisha shule mikononi mwa Kanisa.

Ndipo swali likatufikia sote: yule ambaye dini yake ilikaa katika daftari tu, atashika nini daftari likiondolewa? Tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wamehimiza jumuiya ndogo zilizo hai, hizi tunazoziita mashirika. Humo mafundisho yaliweza kuendelea hata bila shule. Na Kinshasa, katika miaka hiyo ya 1970, Padri Ignace Matondo, aliyekuwa baadaye Askofu wa Basankusu, alianzisha Bilenge ya Mwinda, yaani Vijana wa Mwanga. Aliwaongoza vijana hatua kwa hatua, kwa mfano wa jando la wazee.

Mambo hayo sisi Warega twayafahamu. Katika Bwami mtu hakupanda daraja kwa siku moja. Tangu Kongabulumbu hata Kindi, alifundishwa kwa methali na kwa vitu alivyoonyeshwa, na daima alikuwapo mkubwa wa kumwongoza. Hatusemi kwamba Bwami ni Injili. Twasema tu kwamba wazee wetu hawakumwachia kijana njia peke yake. Je, sisi tuliobatizwa tutamwachia?

Mtoto akirudi likizo, ataleta maswali. Atasema: «Baba, mwalimu ametufundisha asili ya wanadamu. Basi habari za Adamu ni nini?» Baba asiyefika sekondari huona haya, akamfukuza kwa ukali. Tusifanye hivyo. Tumwambie: «Mwanangu, umeuliza vema. Twende pamoja kwa mkatekista.» Mtoto anayesikilizwa atauliza tena, anayefukuzwa atatafuta majibu kwingine.

Juma hili, basi, kila shirika lihesabu watoto wake walioko sekondari mbali na nyumbani. Kwa kila mmoja tumchague Mkristu mmoja mzima, mwenye mwenendo mwema, awe mlezi wake: amtembelee, amsikilize, asali naye. Wazazi, tusichoke kuwataja kwa majina katika sala ya jioni.

Mtakatifu Karoli Lwanga, mtakatifu Kizito, mtuombee.