Seli za masti: walinzi wa mwili wanaoweza kuuhatarisha

Mtu anapoumwa na nyuki, ngozi huvimba na kuwasha katika muda wa dakika chache. Nyuma ya mwitiko huo wa haraka zimo seli za masti, mojawapo ya nguzo za mfumo wa kinga.

Seli hizo zilielezwa mwaka 1878 na Paul Ehrlich wa Ujerumani, katika tasnifu yake ya udaktari mjini Leipzig. Alipoziona zimejaa chembechembe, alidhani zimelishwa kupita kiasi, akaziita Mastzellen, jina litokanalo na neno la Kijerumani lenye maana ya kunenepesha. Baadaye ilibainika kwamba chembechembe hizo si chakula bali ni akiba ya silaha: histamini, heparini na vimeng'enya.

Seli za masti huanzia katika uboho, lakini hukomaa ndani ya tishu. Hukaa pale mwili unapokutana na ulimwengu wa nje: kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Adui akiingia, huimwaga akiba yao. Histamini hutanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivujishe majimaji, na hivyo seli nyingine za kinga hufika upesi. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba seli hizo hupunguza makali ya sumu ya nyoka na ya nyuki.

Hata hivyo, wepesi huo huo una hatari yake. Kwa mwenye mzio, kingamwili za aina ya IgE, ambazo kwa kawaida husaidia kupambana na minyoo, hujishikiza kwenye seli za masti zikilenga kitu kisicho adui, kama vile karanga au chavua. Kitu hicho kikirejea mwilini, seli hulipuka kana kwamba zimevamiwa. Mwitiko ukienea mwili mzima, shinikizo la damu hushuka na njia ya hewa hubana. Hali hiyo, iitwayo anafilaksia, inaweza kuua.

Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, ambayo hukaza mishipa iliyotanuka na kufungua njia ya hewa. Vidonge vya kuzuia histamini hutuliza muwasho, lakini havichukui nafasi ya sindano hiyo, kwa kuwa histamini ni silaha moja tu kati ya nyingi zilizokwisha kumwagwa.