Minembwe: Mji wa Mlimani na Swali la "Wewe ni wa Wapi?"



Leo tupande mlimani kidogo. Magharibi ya Ziwa Tanganyika, huko Kivu Kusini, Kongo, kuna nyanda za juu zinazozidi mita 2,000. Kuna baridi, ukungu na nyasi nzuri za ng'ombe. Huko ndiko uliko mji mdogo wa Minembwe, katika wilaya ya Fizi. Barua za serikali zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini sokoni makabila yanaelewana kwa Kiswahili, kama sisi hapa Kongowea.

Wakazi wengi wa mji ni Banyamulenge, wafugaji wenye lugha iliyo karibu na Kinyarwanda. Wanahistoria wengi wanasema mababu zao walikuwa huko tayari karne ya 19. Majirani zao ni Babembe, Bafuliiru na Banyindu, wengi wao wakulima. Huyu ana maziwa, yule ana mahindi, walihitajiana. Na makanisa ni mengi, ya Kipentekoste na ya Methodisti Huru.

Shida ikaja na swali: wewe ni wa wapi? Sheria ya mwaka 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kwamba kabila lake lilikuwa Kongo mwaka 1885. Hebu fikiria, nani kati yetu ana karatasi ya babu wa babu yake? Wengi wakaitwa wageni mahali walipozikwa wazee wao.

Mwaka 2013 serikali iliamua Minembwe iwe manispaa ya vijijini. Meya wake alisimikwa Septemba 2020. Banyamulenge wengi walifurahi: hatimaye tumetambuliwa. Majirani wengi waliogopa: ardhi ya machifu wetu inachukuliwa. Kelele zikafika Kinshasa, na Oktoba hiyo hiyo Rais Tshisekedi akafuta uamuzi huo. Wakati huo vita vilikuwa vimeshawaka milimani. Vijiji vya pande zote vimechomwa, ng'ombe wameporwa, watu wamekimbia.

Msiseme hayo ni ya Kongo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini Gatumba, Burundi. Na usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, hapa kwetu Likoni, kituo cha polisi kilivamiwa, kisha watu wa bara wakaanza kufukuzwa. Maelfu walilala kanisani. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tunakumbuka. Swali lilikuwa lile lile.

Someni Mwanzo 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombania malisho. Abramu alikuwa mkubwa, angeweza kudai haki yake kwanza. Badala yake alimwambia mpwa wake achague upande, yeye akabaki na kilichosalia. Aliona undugu ni mali kuliko nyasi.

Mpendwa, kwenye plot yenu kuna aliyehamia jana na kuna aliyezaliwa hapo. Ukikasirika naye kwa sababu ya maji au taka, sema habari ya maji na taka. Usimwambie arudi kwao. Neno hilo ni dogo mdomoni, lakini Minembwe na Likoni tumeona linapofika.

Tuwaombee ndugu zetu wa mlimani, wafugaji na wakulima pia.